Tupeane uzoefu: mliofuatilia ukoo hadi vita vya mwanzo vya Marekani

Wakuu, nimeoa Kentucky. Wakwe wamenitwika kazi ya kumtafuta babu yao aliyepigana na Waingereza vita vya uhuru (1775–1783), kisha akavuka milima kuja huku. Eti sisi Waafrika ukoo tunaujua! Nimekwama kwenye sensa: kabla ya 1850 inamtaja mkuu wa kaya tu, wengine ni tarakimu. Mliopita njia hii mlitokaje?

#2
Shemeji, sensa iweke kando, anza na mafaili ya pensheni. Sheria ya 1832 iliwapa pensheni waliotumikia walau miezi 6, na kwa kuwa wengi hawakuwa na karatasi yoyote, walikwenda mahakamani wakasimulia wenyewe: nilizaliwa wapi, kamanda wangu nani, vita vilipoisha nikahamia wapi. Mzee wa upande wa mume wangu alitaja Virginia, North Carolina, halafu Tennessee. Safari nzima imo mle. Wajane nao walidaiwa ushahidi wa ndoa, na wapo waliochana kurasa za Biblia ya familia wakazituma. Ya kwetu tuliikuta humo, ina watoto wote na tarehe zao. Mama mkwe alitaka kuweka fremu nakala siku ileile.

#3
Angalizo kwenye hati za ardhi. Askari wa vita vya 1812 (Marekani na Waingereza tena) walipewa ekari 160 kule Illinois, Arkansas au Missouri, ila wengi waliziuza kwa walanguzi bila kukanyaga huko. Babu wa mke wangu ana hati ya Illinois, kodi kalipa Tennessee mpaka anakufa.

#4
Kwa wenye wakwe weusi kama mimi, ukuta ni 1870, sensa ya kwanza kuwataja kwa majina walioachiwa huru kutoka utumwani. Nyuma ya hapo ni wosia na orodha za mali za mabwana, maana bwana akihamia magharibi aliwaswaga nao. Bibi yao tulimpata hivyo: jina moja, na bei pembeni. Pensheni gani hapo?

Mleta mada
Pole sana #4. Wengine asanteni. Sasa faili nimepata mawili, jina moja, kaunti moja. Nani wetu?

#2
Tazama jina la mke, halafu mashahidi. Watu walihama na majirani zao, kwa hiyo majina yaleyale utayakuta tena Kentucky.