Mrejesho: yule niliyekuwa nameza maneno kikaoni

Wakuu, mimi ndiye niliyeomba ushauri miezi mitatu iliyopita: kila nikitaka kuchangia kikaoni moyo unanienda mbio, nanyamaza, halafu mwingine anasema kilekile nilichokuwa nacho kichwani na anapongezwa.

Ule ushauri wa kujisifia mbele ya kioo ulinishinda. Nilijiona mwongo, siku mbili tu nikaacha. Kilichonisaidia ni daftari: kabla ya kikao naandika ninachohofia kitatokea, kikiisha naandika kilichotokea kweli. Kurasa za mwanzo zimejaa "watanicheka". Hakuna aliyecheka. Kuna siku nilikosea hesabu, nikasahihishwa, kikao kikaendelea. Usiku nikakesha na lile kosa. Kesho yake namuuliza mwenzangu, hata halikumbuki!

Pia napunguza "samahani" za bure, zile za kuomba radhi kwa kuuliza swali. Hapo bado, jana tu zimenitoka tatu.

Moyo haujaacha kudunda, sitawadanganya. Ila sasa naongea huku unadunda. Wiki ijayo naongoza kikao, na safari hii nimeomba mwenyewe.