Naombeni ushauri: lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) au pete za kurefusha lenzi kwa picha za maua?

Mwana wa Makete
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninapiga picha za harusi na vipaimara huku Makete, na kwa muda mrefu nimetamani kupiga maua kwa karibu sana, hasa okidi za uwanda wa Kitulo, ambazo nyingine ni ndogo kiasi kwamba mgeni anaweza kuzikanyaga bila kujua. Nimefunga pete tatu kati ya kamera yangu ya Canon na lenzi ya milimita 50, lakini kila picha inatoka na ncha moja tu iliyo kali, na ua lililobaki ni ukungu mtupu. Je, ninunue lenzi ya makro ya milimita 100?

Dada Lenzi
Kaka, adui yako huko ni upepo. Nilipanda Kitulo mwezi wa Februari, nikalala kifudifudi karibu nusu saa nikisubiri kikonyo kimoja kitulie, na mwishowe nikaokolewa na mwavuli nilioulaza upande upepo ulikotoka. Nenda alfajiri na ubebe stendi ya miguu mitatu.

Mzee wa Bustani
Kabla ya lenzi tuzungumzie adabu. Kitulo, mahali panapoitwa Bustani ya Mungu, pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na okidi zake zimeteseka vya kutosha kwa kuchimbwa viazi vyake, ambavyo huvushwa kwenda Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Usiache njia, wala usichume ua ili likae vizuri mbele ya kamera yako.

Fundi Kamera
Nawaheshimu nyote, ila hakuna aliyemuuliza swali la msingi. Mwana wa Makete, pete zako zina viunganishi vya umeme? Ukizifunga, kamera inaonyesha namba gani ya tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga?

Mwana wa Makete
Inaonyesha 00. Nilinunua zile za bei nafuu, zisizo na viunganishi. Niseme na jingine nililolificha: nimekwisha kulipa nusu ya bei ya ile lenzi ya milimita 100, kwa fedha nilizoweka kwa ajili ya flashi ya kazini. Naomba msinilaumu, kwa sababu lenzi hiyo itapiga pia pete za maharusi, na fedha yake itarudi.

Fundi Kamera
Basi tatizo lako ndilo hilo. Kamera haiwasiliani na lenzi, kwa hiyo tundu limebaki wazi kabisa, na likiwa wazi hivyo sehemu iliyo kali huwa nyembamba mno. Pete za milimita 7, 14 na 28 zikiungana ni 49, ambazo kwenye lenzi ya 50 hukupa ua karibu na ukubwa wake halisi juu ya sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Katika ukubwa huo, hata ukifunga tundu hadi namba 11 (namba ikikua, tundu hupungua), sehemu iliyo kali ni kama milimita moja tu. Funga lenzi moja kwa moja kwenye kamera, chagua 11, shikilia kile kitufe kinachofunga tundu kabla ya kupiga, kisha ichomoe lenzi huku ukiendelea kukishikilia. Tundu litabaki limefungwa. Mwanga utapungua sana, hivyo tafuta kadibodi nyeupe ya kuurudisha kwenye ua.

Msomaji Makini
Mimi nina shaka. Tupo mwezi wa Agosti, na Kitulo huchanua kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili. Hizo okidi umezipiga wapi? Nahofu uzi huu umetungwa na muuza lenzi.

Mwana wa Makete
Sikusema nimezipiga, nilisema natamani, ingawa nakiri nilivyoandika kunaweza kumpotosha mtu. Ninafanyia mazoezi ua la pareto shambani kwa mama, ili Desemba isinikute sijui kitu. Kitovu chake cha njano kimejaa viua vidogo vingi, na ndivyo nilivyoshindwa kuvipata.

Dada Lenzi
Pareto ni mwalimu mzuri. Geuza kamera ili sensa ilingane na uso wa kitovu. Usiliendee ua kwa mshazari.

Mwana wa Makete
Nimerudi kutoka shambani. Kwa namba 11 nimepata safu nne za viua, na chavua inaonekana punje kwa punje. Hata hivyo nimelazimika kusogea mpaka kivuli cha lenzi kikaangukia ua, na nyuki wakaondoka. Lenzi ya 100 nitaimalizia malipo.

Fundi Kamera
Kivuli ni sababu ya kweli, kwa kuwa lenzi ya 100 itakuacha mbali zaidi na ua kwa ukubwa uleule. Ila muulize muuzaji kama atapokea nusu iliyobaki mwezi wa Novemba, flashi uinunue kwanza. Utaihitaji kwenye harusi na kwenye hilo ua pia.