Dharura imekuwa kisingizio cha kubeba mali zetu bila karatasi, Kigoma tumechoka!

Wakuu, leo tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ziwa likijaa au njaa ikitajwa, neno ni moja: "dharura". Hapo hapo lori la Fuso lenye mahindi kutoka Kasulu inazuiwa getini, mtumbwi na injini yake vinaondolewa mwalo wa Kibirizi. Karatasi hakuna. Ukiuliza, unaitwa mhujumu.

Hali ya hatari, yaani dharura ya kisheria, haitangazwi getini. Ibara ya 32 ya Katiba inampa Rais madaraka hayo, Bunge likutane ndani ya siku 14 na kuliafiki tangazo lake kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Hata ikishatangazwa, ibara ya 31 inaruhusu kubana ibara ya 14 (haki ya kuishi) na 15 (uhuru wa mtu binafsi) tu. Ya 24, inayodai fidia inayostahili mtu anaponyang'anywa mali, haimo. Waliofurikiwa wasaidiwe, tena haraka, lakini mwenye mali alipwe!

Angalieni hasara inavyoingia. Wanaochukua wanahesabu magunia, hawapimi. Rumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ya kilo 120 inaandikwa 100. Kwa magunia 100 tani 2 zimeyeyuka. Kisha gari linalazwa siku nne na turubai juu. Mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5 yanatoa jasho, matone yanarudi kwenye magunia ya juu. Penyeza mkono: ndani kuna moto na harufu ya uvundo. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, halafu ndiyo chakula cha msaada.

Injini nako ni kilio. Nyingi za mitumbwi yetu zinalainishwa na oili inayochanganywa kwenye petroli, lita 1 kwa lita 50. Anakabidhiwa asiyejua, anamimina petroli tupu. Pistoni inakwama, ukifungua silinda unakuta imechanwa michirizi. Inarudishwa imekufa, eti "ilikuwa mbovu".

Kwa hiyo mali isitoke bila hati ya nakala mbili: jina na cheo cha anayechukua, sheria anayoitumia, uzito wa mizani, unyevu, namba ya injini na hali yake ilipowashwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nani anaweka mafuta na oili, siku ya kurudisha, bei ya soko ya siku hiyo. Akikataa kusaini, mwenyekiti aandike kwamba amekataa, na saa.

Mliochukuliwa vitu, wekeni hapa tarehe, kiasi, na kama mmelipwa hata shilingi.