MREJESHO: Tiba ya oksijeni ya presha kwa kidonda cha mama

Wakuu, niliuliza hapa wapi pa kupata chemba ya oksijeni (chumba kilichofungwa ambamo mgonjwa anavuta oksijeni tupu kwa presha kubwa kuliko ya hewa ya kawaida) maana mji wetu mdogo na mama ana kidonda cha kisukari mguuni kimefika mpaka mfupa. Asanteni sana kwa kweli.

Aliyesema nianzie kliniki ya vidonda badala ya kuzunguka kutafuta mashine alinisaidia mno, daktari ndiye aliyeandika rufaa na kuambatanisha picha na vipimo kuonyesha matibabu ya kawaida yameshindwa, bima mara ya kwanza wakakataa, tukakata rufaa, wakakubali. Ila nauli na malazi hawalipi, hayo tumejichangia wenyewe ndugu na bado yanatubana.

Zile chemba laini za kujaza upepo nilizoshauriwa tuliziacha, presha yake ni kama mara 1.3 tu ya presha ya hewa ya kawaida wakati hospitali wanaenda mara 2 mpaka 2.4.

Kwenye chemba ya hospitali masikio yalimsumbua mama mwanzoni, na sukari inaweza kushuka mle ndani kwahiyo wanampima kabla hajaingia.

Kidonda kimepungua sana, hakijafunga chote, kidole kimoja kilikatwa. Mguu upo, namshukuru Mungu na nyie pia.