Kukosa hati hakumfanyi mtu kuwa mvamizi!

Wakuu, hii kauli ya "leta hati" imenichosha. Mgogoro wa ardhi ukitajwa tu, mtu aliyekaa zake mjini anaibuka: huna hati, basi wewe ni mvamizi. Mvamizi wa nini? Shamba letu babu alilifyeka likiwa pori, baba akalima, na wote wawili wamezikwa humo humo. Mipaka ni minyaa iliyopandwa na majirani wakiwapo. Leo anakuja mwekezaji na bikoni zake, yaani nguzo za mipaka, nyumba inapigwa X nyekundu ya kubomolewa, na mnasema sheria imefuatwa!

Sheria ipi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hapa Tanzania inasema wazi kwamba haki miliki ya kimila, yaani kumiliki ardhi kwa mila, ina hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Nyalali iliamua katika kesi ya Akonaay kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Hati inathibitisha umiliki uliopo. Haiuumbi.

Na msidhani karatasi ndiyo kinga. Wameru wa Ngarenanyuki, kule Arusha, walikuwa wamenunua mashamba kwa fedha zao. Mwaka 1951 Waingereza wakawafukuza na kuchoma nyumba ili walowezi wapate eneo la kufugia ng'ombe. Mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda hadi Umoja wa Mataifa, na bado ardhi haikurudishwa wakati ule.

Kinachoniuma zaidi ni hili la "mliridhia wenyewe". Kijijini kwetu tuliitwa kikaoni kuelezwa habari za mradi. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, tukaandika majina na kusaini kama kikao chochote. Baadaye karatasi ile ile ikaambatanishwa kwenye muhtasari wa kikao kama ushahidi kwamba tumekubali kuachia ardhi! Humo yumo bibi asiyejua kusoma, aliyeweka dole gumba tu.

Hiyo siyo ridhaa, ni wizi. Muhtasari ule usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, jina kwa jina, kila mmoja aulizwe alikubali nini. Kabla ya hapo, bikoni zing'olewe.