Kikundi «Nyumba ya Katuba»: bunduki za maji za dola 70

Héritier: Jambo yenu wote. Naomba mnisikilize kwanza, kukemea baadaye. [foto 4]

Héritier: Nimezikuta leo soko la Kenya hapa Lubumbashi, kwa yule mama anayefungua mabalo (marobota ya mitumba) ya vitu vya watoto. Bunduki za maji, mbili. Kubwa ni Super Soaker CPS 2000. Ndogo ni Super Soaker 50, ya njano yenye tangi la kijani. Anataka dola 70 kwa zote. Jumamosi ni zamu yangu ya kupokea likelemba, mchango wetu wa zamu, makuta (pesa) yatakuwepo. Nipeni shauri.

Mama Bijou: Dola 70 kwa plastiki ya kurushia maji? Héritier, asubuhi umebeba bido (madumu) ngapi za maji?

Héritier: Sita, mama.

Mama Bijou: Haya.

Tantine Odette: Mimi kwenye foto nilidhani ni pampu ya kupulizia miembe.

Héritier: Si za kuchezea, tantine. Huko Bulaya na Marekani kuna watu wazima wanaozikusanya. Nataka yaya (dada) Mireille aniuzie huko.

Yaya Mireille: Nipo. Ndiyo kwanza natoka kazini. Ngoja nizitazame vizuri.

Yaya Mireille: Mama, mtoto hasemi uongo. Hapa Liège, Ubelgiji, nina mwenzangu kazini ana kabati zima la vitu hivi. CPS 2000 ilitoka 1996 na haitengenezwi tena. Wakusanyaji wengi huiweka juu ya zote kwa nguvu. Ikiwa nzima, watu hulipa mamia ya dola. Lakini sikieni neno «nzima». Isiyorusha maji hushuka bei mpaka inasikitisha. Mdogo wangu, umeijaribu?

Héritier: Bado. Pale sokoni hakukuwa na maji.

Mjomba Kalenga: Unataka kununua pampu hujaipiga?

Héritier: Ndiyo maana nimeuliza kwanza, mjomba.

Mjomba Kalenga: Vizuri. Sasa nieleze ndani kuna nini. Hewa au springi?

Héritier: Zinatofautiana. Ndogo ni ya hewa. Unapiga pampu, maji yanaingia kwenye chumba kidogo na kuibana hewa iliyomo, ukifungua kifyatulio hewa inayasukuma nje. Ndiyo maana mrusho unaanza kwa nguvu halafu unalegea. Kubwa haitegemei hewa. Ina mfuko wa mpira mnene. Maji yanauvimbisha kama puto, nao unayakamua kwa nguvu ileile kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Tangi ni la karibu lita 4, na mrusho mmoja unaisha kama kwa sekunde moja.

Mjomba Kalenga: Mpira. Ahaa.

Mjomba Kalenga [ujumbe wa sauti, Chantal ameuandika kwa ajili ya mzee wetu Koko asiyesikia vizuri]: «Héritier, mwanangu, mimi nimeziba mipira ya baiskeli tangu baba yako anasoma. Plastiki ukiitunza inakaa. Mpira hauna subira. Jua linaula, joto linaula, hata ukiulaza kabatini unakauka wenyewe. Kitu cha 1996 kina karibu miaka 30. Kimekaa kwenye ghala la watu, kimebanwa ndani ya balo, kimepita bandarini kwenye kontena lenye joto, kimefika kwetu. Ule mfuko hujauona na huwezi kuuona bila kufungua skrubu. Kwa hiyo usinunue foto, wala jina lililoandikwa ubavuni. Unanunua mfuko huo, basi. Nenda na maji yako. Piga pampu polepole, usiijaze yote kwa mara ya kwanza, mpira mzee ukiushtua unapasuka. Simama kidogo. Sikiliza. Ukipiga na mkono hausikii uzito wowote, mpira umekufa. Mkono ukisikia uzito halafu uzito ukapotea wenyewe, kuna mahali panavuja. Tazama mdomo wa mbele kama unadondosha, halafu tazama kwenye maungio ya plastiki. Maji yakitokea kwenye maungio, ujue yamemwagika tumboni.»

Yaya Mireille: Mjomba, mwenzangu wa kabati anasema hayohayo, ila wewe umeyasema vizuri zaidi.

Yaya Mireille: Na ndogo, tazama jina. Mwaka wa kwanza, 1990, iliuzwa kwa jina Power Drencher. Super Soaker lilikuja 1991. Yenye jina la kwanza ndiyo wanaigombania.

Héritier: Imeandikwa Super Soaker 50. Na Larami.

Yaya Mireille: Basi si ya mwaka wa kwanza. Hata hivyo Larami, kampuni iliyozitengeneza mwanzo, ni dalili njema. Kampuni ya vichezeo ya Hasbro iliinunua Larami mwaka 1995, jina likaendelea kupigwa kwenye plastiki miaka kadhaa. Lakini SS 50 ziliuzwa nyingi sana, na zimewahi kutolewa upya. Kwa ndogo usipite dola 15, hata ukiambiwa ni ya dhahabu.

Tantine Odette: Nimesoma sasa hivi habari za aliyeivumbua, jamani, kumbe ni mtu mweusi! Lonnie Johnson, mzaliwa wa Mobile, Alabama, 1949. Aliwahi kuwa mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Mwaka 1982 alikuwa nyumbani anajaribu kutengeneza mashine ya kupoza inayotumia maji badala ya gesi. Akaunganisha mdomo aliouchonga kwenye bomba la bafuni, maji yakaruka upande wa pili wa chumba. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Ya kwanza aliitengeneza kwa mabomba ya plastiki na chupa ya soda ya lita 2. Chupa ya soda! Hiyo nitawapelekea watoto wa darasa la sita Jumatatu.

Chantal: Na alilipwa?

Tantine Odette: Alilipwa, na walipompunja malipo ya hakimiliki aliwadai. Mwaka 2013 wasuluhishi waliamua Hasbro impe dola milioni 72.9.

Mama Bijou: Huyo alikuwa na sahihi kwenye karatasi. Héritier ana likelemba. Mwezi ujao kuna minerval (ada ya shule) ya Chantal, na katika makuta hayo 50 ni za shule. Hilo tusilijadili.

Héritier: Sawa, mama. Sitagusa 50 za shule.

Mama Bijou: Na jingine. Hata ikiwa ya njano, ina umbo la bunduki. Mtu akiona kwa mbali, jioni, hataulizia kama ni ya maji. Ukinunua, inaingia kwenye gunia palepale sokoni, na unarudi mchana. Siombi, nasema.

Papa Jonathan (jirani): Mama Bijou ana haki. Gunia ninalo, aje achukue kwangu.

*Kesho yake, saa tano asubuhi*

Héritier: Niko hapa na mjomba. Tumekuja na bido ya lita 5. Yule mama ametuwekea nafasi mbele ya meza yake.

Héritier: Ndogo: imejazwa, imepigwa pampu, tumesubiri dakika kumi. Haijadondosha hata tone. Mrusho umevuka mwavuli wa muuza nyanya. Ametusamehe.

Chantal: 👏👏

Mjomba Kalenga: Kubwa inaumwa. Nilipopiga mara nne za kwanza mkono ulisikia uzito, nikafurahi. Ya tano uzito ukaondoka ghafla, nikasikia «puf» tumboni. Sasa maji yanatoka kwenye maungio karibu na mshikio.

Yaya Mireille: Mfuko. Pole, mdogo wangu.

Héritier: Moyo umenidondoka. Mama muuzaji pia amehuzunika, hakujua. Balo alilinunua limefungwa.

Yaya Mireille: Usiondoke bado. Mwili umepasuka? Skrubu zote zipo? Kifyatulio kinarudi?

Mjomba Kalenga: Mwili mzima. Kifyatulio kinarudi vizuri. Pampu yenyewe inavuta, pete yake ya mpira bado laini.

Yaya Mireille: Basi bado ina thamani, ya vipuri. Wapo wanaotengeneza mfuko upya kwa mirija ya mpira asilia. Lakini ikitengenezwa lazima niseme kwa mnunuzi kwamba mfuko si wa kiwandani. Siwezi kumficha mtu hilo. Ukitoa na gharama ya kuifikisha huku, mimi nisingelipa zaidi ya 15.

Mjomba Kalenga: Na mimi nasema hivyohivyo. Kuitengeneza ni kazi ya mikono yangu, sitoi hesabu. Mrija nitautafuta.

Héritier: Alianza na 40 kwa kubwa peke yake. Mjomba amemwonyesha maji yanavyotoka, hakubishana. Amesema naye anahitaji kurudisha makuta ya balo, watoto wake wanasoma. Tumekubaliana 15 kubwa, 12 ndogo. Jumla 27. Nimetanguliza 10, Jumamosi namalizia.

Mama Bijou: Na 50 za Chantal?

Héritier: Hazijaguswa.

Mama Bijou: Ziko kwenye gunia?

Héritier: Ziko kwenye gunia la papa Jonathan, mama. Tunapanda taksi-basi sasa.

Yaya Mireille: Zikifika muzikaushe ndani kabisa kabla ya kuzihifadhi, mfungue kila kifuniko. Na musiziache na mbano wa pampu ndani hata siku moja.

Mama Bijou: Kubwa mpe mjomba. Ndogo ije kwangu kwanza. Watoto wamekaa uani tangu asubuhi, jua ni kali. Jaza kwa maji yaliyobaki ya kusuuzia vyombo, yale ya kunywa usiyaguse. Jumapili utaikausha umtumie yaya yako foto.