Je, mtazamaji huiga wahusika wa tamthilia au hujijenga kupitia kwao?

Muulizaji
Nimefuatilia tamthilia moja kwa miaka mitatu, na sasa kila ninapokabiliwa na uamuzi mgumu hujikuta nikiwaza mhusika wake mkuu angefanya nini, ingawa mengi anayoyafanya siyakubali. Ndugu zangu wanasema televisheni inanilea upya. Mimi sioni hivyo, lakini nakosa maneno ya kuwajibu. Je, utambulisho tunaupokea kutoka kwa watunzi, au tunautengeneza wenyewe?

Jibu la kwanza
Wasiwasi wa ndugu zako unachukulia kwamba ujumbe humwingia mtazamaji kama ulivyotumwa. Stuart Hall, mwanazuoni wa masomo ya utamaduni, alilipinga wazo hilo mwaka 1973, akieleza kwamba mtazamaji anaweza kuukubali ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali kwa masharti, au kuusoma kinyume kabisa. Wewe unayemwazia mhusika huku ukiyakataa matendo yake umo katika hali ya pili.

Jibu la pili
Ningeongeza kwamba kazi hiyo ya kuusoma ujumbe hatuifanyi peke yetu. Watafiti Tamar Liebes na Elihu Katz walikusanya vikundi vya watu wanaofahamiana, wakawaonyesha tamthilia ya Kimarekani ya Dallas, kisha wakawaacha waizungumze. Huko Israeli, Waarabu na Wayahudi wenye asili ya Morocco walielekea kuisimulia kama kisa cha ukoo, ilhali wahamiaji kutoka Urusi walitafuta ujumbe uliofichwa nyuma ya kisa. Mfano unaonigusa zaidi ni wa kikundi kimoja cha Waarabu: Sue Ellen, mmoja wa wahusika wa Dallas, anapomkimbia mumewe akiwa na mtoto wao, katika tamthilia huenda kwa mpenzi wake wa zamani, lakini wao walisimulia kwamba alirudi nyumbani kwa baba yake. Sioni hapo kosa la kumbukumbu tu, kwa maana watu hao walikuwa wakieleza, pasipo kuulizwa, mahali ambapo mwanamke aliyeudhiwa anastahili kupokelewa.

Jibu la tatu
Nakubaliana nanyi kwa kiasi, lakini tusimpe mtazamaji uhuru asiokuwa nao. Anayejenga hutumia vifaa alivyopewa, na mtu ambaye kila akiwasha televisheni humkuta anayefanana naye akiwa mtumishi, mhalifu au kichekesho, hulazimika kutumia nguvu nyingi kukataa kabla hajaanza kujenga chochote. Hata hivyo, kukataa nako kuna uzito wake. Mtafiti Ien Ang alipotangaza katika jarida moja la wanawake la Uholanzi kwamba angependa kuandikiwa na watazamaji wa Dallas, alipata barua 42, na baadhi zilitoka kwa watu walioichukia. Chuki yao iliwatambulisha waandishi wake kuwa watu wa aina fulani, sawasawa na mapenzi ya wenzao.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Mfano wa Sue Ellen umenifumbua macho, kwa sababu mimi na dada yangu tuliwahi kubishana hadi usiku kuhusu iwapo mhusika mkuu wa tamthilia yangu alifanya vema kumsamehe mama yake, nami nilimtetea kwa maneno ambayo sijawahi kuyatamka kuhusu mama yetu. Wakati ule nilidhani tunazungumza juu ya tamthilia.